Bomba la inchi nne si inchi nne: jibu kwa fundi cherehani anayetaka kusomea michoro Houston

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mkongomani, nimekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na huu ni mwaka wa tatu niko Houston. Nafanya kazi ya usiku kwenye ghala. Kambini nilimaliza sekondari nikapata Diplôme d'État, halafu nikawa nashona nguo. Chuo cha jamii kilicho karibu nasi kina kozi ya miaka miwili inaitwa Drafting and Design Engineering Technology. Nikimaliza nitakuwa injinia? Hesabu nimesahau, Kiingereza changu cha kuungaunga, na kijana wa jirani ananiambia kazi hiyo itachukuliwa na kompyuta kabla sijamaliza. Nina miaka 31 na watoto wawili. Naomba ushauri."

Marahaba, dada. Nianze na neno lililokuvuta kwenye jina la kozi, maana limewapoteza wengi kabla yako. Hutakuwa injinia. Neno Engineering lipo pale katikati, lakini anayebeba mzigo ni lile la mwisho, Technology. Ukimaliza utapewa digrii ndogo ya miaka miwili iitwayo Associate of Applied Science, krediti 60 hivi, na kazini utaanza kwa kuitwa drafta, yaani mchoraji wa michoro ya kiufundi, baadaye dizaina. Injinia wa Texas kwa kawaida amekaa chuo kikuu miaka minne, akapita kalkulasi ya kwanza hadi ya tatu, akafanya mitihani ya leseni iitwayo FE na PE, akatumikia miaka kadhaa chini ya waliomtangulia, ndipo bodi ya jimbo ikampa muhuri wenye jina lake. Wewe utachora, yeye atagonga muhuri. Likitokea la kutokea, ataulizwa yeye kwanza, na ndiyo maana mshahara wake ni mkubwa kuliko wako.

Nakwambia mapema kwa sababu nafundisha darasa la jioni, na kila mwaka haikosi mwanafunzi mmoja anayenifuata mwishoni mwa mwaka wa pili, amebeba matokeo mazuri, anataka nimwelekeze namna ya kuhamia uinjinia chuo kikuu. Namwambia ukweli naye ananitazama kama niliyemwibia. Masomo mengi ya Applied Science hayapokelewi kwenye digrii ya uinjinia, kwa kuwa hesabu zake ni aljebra na trigonometria tu, na michoro mliyochora hawaihitaji. Kwa hiyo kama moyo wako uko kwenye uinjinia kwelikweli, mlango wake upo hapohapo chuoni, ila ni mwingine: unaitwa Associate of Science, una kalkulasi na fizikia, na ndio unaokupeleka chuo kikuu ukaingilia mwaka wa tatu. Ni safari ndefu. Kwa mtu mwenye watoto wawili na kazi ya usiku, miaka minne ya wengine inaweza kuwa saba.

Mimi nikikutazama kwa haya machache uliyoandika, nakupeleka kwenye michoro. Sababu umeiandika mwenyewe bila kuijua: ulikuwa unashona.

Fanya jambo hili leo jioni ukiwa jikoni. Chukua mshumaa, uzungushie karatasi raundi moja, ibane kwa gundi. Kata mshumaa na karatasi yake kwa kisu, mshazari. Sasa fungua karatasi uilaze mezani. Utaona ule mkato uliokuwa umenyooka umegeuka wimbi, limepanda likashuka. Mtu wa kawaida hushangaa. Wewe hutashangaa, kwa sababu umeshakata kichwa cha mkono wa gauni mara mia: kitambaa kiko bapa mezani, mstari wa chaki umepanda na kushuka kama kilima, na wewe unajua kabisa kwamba ukikikunja na kukishona kitakaa begani kimetulia. Bomba linalotoka ubavuni mwa bomba jingine hukatwa kwa mstari wa ukoo uleule. Tunawafundisha vijana jambo hilo wiki kadhaa, na wapo wanaomaliza muhula bado hawaoni. Kuona umbo lililosimama ukiwa umeshika umbo lililolala, hicho ndicho kipaji cha kazi hii. Programu za kompyuta zinafundishika kwa yeyote mwenye subira.

Sasa nikusimulie usaili wangu wa kwanza, maana ndio ulionifundisha kozi ilikuwa inahusu nini. Nilikuwa nimetoka chuo cha jamii na alama nzuri, na nyuma yake miaka ya shule ya ufundi Moshi, rula ya T na ubao, kwa hiyo nilijiona naijua kazi. Mzee mmoja mwenye suruali ya kamba za mabegani hakufungua hata bahasha yangu ya michoro. Aliniuliza: "Bomba la inchi nne, upana wake kwa nje ni ngapi?" Nikajibu nne. Akasema asante, akaniambia watanipigia. Hawakupiga.

Bomba la inchi nne lina upana wa inchi nne na nusu kwa nje. La sita lina sita na tano ya nane. La kumi na mbili lina kumi na mbili na robo tatu. Halafu ukifika kumi na nne, ghafla jina na kipimo vinakubaliana, na kuanzia hapo kwenda juu kumi na nne ni kumi na nne kweli. Hilo bomba la mafuta la EACOP la kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, ni la inchi 24, na ukilipima ni 24 za haki. Hayo madogo yana historia: zamani namba ilihusu tundu la ndani, baadaye chuma kikaboreka, kuta zikawa nyembamba, lakini upana wa nje ukaachwa ulivyo ili vifaa vya zamani viendelee kuingiana. Hakuna kompyuta itakayokueleza hilo kama hujui kuuliza. Mzee yule alitaka kujua kama nimewahi kushika bomba au nimeshika panya ya kompyuta tu.

Nikupe hesabu moja ya kazini uone ukubwa wa hesabu unayoiogopa. Una bomba la inchi 6 linalotoka kwenye tangi, linaanza na flanji, ile sahani ya kuungia yenye matundu ya bolti, kisha unataka kulipinda nyuzi 90 kwa elbo, yaani kiungo cha kona. Flanji hiyo ya ratili 150 (daraja lake la shinikizo), yenye shingo ya kuchomelea, ina urefu wa inchi 3½. Elbo ndefu hupimwa mara moja na nusu ya jina la bomba, kwa hiyo kutoka mdomo wake hadi katikati ni 9. Jumlisha: 12½. Hapo flanji na elbo zimebusiana, hakuna hata kipande cha bomba katikati, na bado hujaweka mwanya wa kuchomelea, moja ya nane ya inchi. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika 12 kwenye mchoro. Mchoro ulikuwa mzuri, mistari minene mahali pake, myembamba mahali pake. Kompyuta iliupokea bila neno. Ungeufikisha kwa wachomeleaji kule Pasadena wangekucheka mpaka chakula cha mchana, kwa kuwa chuma hakijui kujikunyata.

Kama nafasi ingekuwa inchi 18, ungetoa 12½ ubakiwe na 5½, kisha utoe mianya miwili ya kuchomelea, jumla robo inchi, na ukiacha pembeni gaskiti, ule mpira wa kuziba kwenye flanji, fundi angekata kipande cha 5¼. Ni kutoa na kujumlisha sehemu. Wewe ukishona unaongeza nafasi ya mshono, huku unaipunguza. Tofauti yenu ni hiyo tu.

Hesabu nyingine utakazozitumia kila siku ni za pembetatu. Bomba likihama kwa nyuzi 45, urefu wa mlalo wake ni kile kimo mara 1.414. Likihama kwenda juu na pembeni kwa pamoja, unatafuta kwanza mlalo kwa kanuni ya Pythagoras: juu 12, pembeni 16, unapata 20, kisha 20 mara 1.414 ni 28 na robo na punje. Haya mlisoma darasani Nyarugusu, yamelala tu. Wiki sita za jioni kwenye kituo cha msaada wa hesabu cha chuo, bure, yanaamka. Kitakachokusumbua zaidi ni vipimo vyenyewe. Marekani hawataki milimita. Utaandikiwa futi 7 inchi 4 na tano ya nane, na utatakiwa uigawe kwa tatu bila kulia. Ramani ya nyumba itakuja kwa kipimo ambacho robo inchi ni futi moja, yaani 1:48, namba ambayo sisi wa 1:50 tunaiona kama utani.

Na kuna mtego mmoja niliouingia kwa miguu yote miwili. Sisi tuliofundishwa kwa mtindo wa Ulaya, mwonekano wa juu wa kitu tunauweka chini ya ule wa mbele. Wamarekani wanauweka juu. Kona ya karatasi huwa na alama ndogo ya koni iliyokatwa ncha kuonyesha ni mtindo gani, na karibu hakuna anayeitazama. Usipoitazama unaweza kutoboa tundu upande usio wake, kifaa kizima kikawa chuma chakavu. Itazame.

Kiingereza nacho kisikutishe sana. Kiingereza cha michoro ni kifupi kama ujumbe wa simu ya kulipia: TYP ni "na pengine fanya hivihivi", NTS ni "usipime kwa rula", BOP ni chini ya bomba. Ukijua vifupisho mia moja unasoma mchoro kumzidi Mmarekani asiyevijua. Utahitaji Kiingereza cha kuzungumza siku ya kumwambia injinia kwamba bomba lake linapita katikati ya nguzo, na hilo linataka ujasiri kuliko sarufi. Chuo kina madarasa ya lugha. Ingia, lakini usikubali kuambiwa uyamalize yote kabla ya kugusa mchoro.

Hapa Texas kuna njia ambayo washauri wengi wa chuo hawaitaji mpaka uulize. Ili kuanza Associate utafanyishwa mtihani wa kupima kiwango uitwao TSI, wa kusoma, kuandika na hesabu, na ukifeli unarudishwa kwenye masomo ya awali yanayokula muda. Lakini cheti cha ngazi ya kwanza, Level 1, kisichozidi krediti 42, hakidai TSI. Uliza kama idara yenu ya michoro inacho. Unaanza nacho, unajifunza AutoCAD, programu ya kuchorea kwa kompyuta, na misingi, unapata hata kazi ndogo, na krediti zake zinaingia kwenye Associate baadaye wakati Kiingereza na hesabu zimeshapata moto.

Karatasi yako ya Diplôme d'État itafsiriwe na ipelekwe kwenye taasisi ya kutathmini vyeti inayokubaliwa na chuo, na ueleze kwa mdomo wako kwamba ni cheti cha kumaliza sekondari. Wapo makarani wakiona neno diplôme wanadhani ni diploma ya chuo, wakakuweka kundi lisilo lako. Kama karatasi ilipotea njiani, ndiyo utafute GED, mtihani wa Marekani wa kupata cheti kinacholingana na cha sekondari.

Pesa. Jaza FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa masomo. Mwenye hadhi ya mkimbizi au Green Card anaruhusiwa, na kwa miaka mitatu uliyokaa nadhani Green Card imeshaingia au iko njiani. Kinachotafutwa ni Pell Grant, ambayo ni ruzuku, hairudishwi. Kwa mwaka wa masomo 2024–25 kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395, na ukichukua nusu ya mzigo wa masomo unapata sehemu yake. Ada ya chuo cha jamii kwa mkazi wa wilaya ya chuo ni ya chini kabisa, aliye nje ya wilaya analipa zaidi, asiye mkazi wa jimbo zaidi tena, kwa hiyo angalia anwani yako iko wilaya ya chuo gani kabla hujachagua. Jambo moja nakusihi: ukizidiwa katikati ya muhula usitoweke. Ukiacha masomo yote kabla asilimia 60 ya muhula haijapita, sehemu ya pesa hiyo hudaiwa, na deni hilo linakufungia mlango wa kurudi. Nenda ofisini uzungumze, hata kama unaona aibu.

Na yeyote akikupigia simu kukushawishi ujiunge, huyo kwa kawaida si chuo cha jamii. Vyuo vya biashara vilijaa kwenye fani hii. ITT Tech, kilichofundisha michoro kwa kompyuta majimbo mengi, kilifungwa ghafla Septemba 2016, wanafunzi wakabaki na mikopo ambayo serikali ilikuja kuifuta miaka kadhaa baadaye.

Nije kwa kijana wa jirani na kompyuta yake. Amechelewa kidogo. AutoCAD ilitoka mwishoni mwa 1982, na vile vyumba vikubwa vya watu mia walioinamia ubao vimeshakwisha zamani. Mchoro wa isometriki wa bomba, unaoonyesha pande tatu kwa pamoja, ambao zamani ulimchukua mtu siku nzima, leo programu inautoa yenyewe kutoka kwenye modeli. Kazi nyingi za kupiga mistari zinafanywa India kwa mshahara mdogo. Idara ya Kazi ya Marekani haitarajii ajira za madrafta ziongezeke sana, ingawa mshahara wa kati kwa fani nzima umepita dola 60,000 kwa mwaka; wewe utaanza chini ya hapo, lakini juu ya ghala. Hiyo akili bandia nimeijaribu. Inachora upesi, na inaandika 12 mahali pa 12½ kwa kujiamini kuliko mwanafunzi wangu. Anayeajiriwa leo ni yule anayeona kosa hilo akiwa amesimama, kikombe cha kahawa mkononi. Ukijifunza vibonyezo peke yake, kijana yuko sahihi.

Hofu yangu mimi iko kwenye mafuta. Houston ikicheka, wachoraji wa mabomba wanacheka wote. Ikinuna, wananuna wote. Katikati ya 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 100, mwanzoni mwa 2016 likashuka chini ya 30, na kwenye majengo ya barabara ya I-10 upande wa magharibi niliona meza zikiachwa safu kwa safu, picha za watoto zikiingia kwenye maboksi. Mimi niliendesha teksi miezi tisa. Kwa hiyo soma mabomba, ndiko kwenye malipo hapa, lakini chukua na somo moja la vyuma vya majengo au la michoro ya barabara na maji machafu. Mitambo ya maji ya miji haijui bei ya pipa.

Kabla hujajiandikisha nenda chuoni mchana, ingia maabara ya kompyuta, uliza walimu wawili. Mmoja muulize amewahi kufanya kazi kiwandani miaka mingapi. Mwingine muulize wanafunzi wanapelekwa kuona mabomba yenyewe, au yanaishia kwenye skrini. Mwalimu akikasirika kwa swali hilo, tafuta tawi jingine. Programu yenyewe usinunue. Autodesk, kampuni yenye AutoCAD, huwapa wanafunzi bure, na kompyuta ya mezani iliyotumika yenye kumbukumbu ya kutosha inafaa kuliko laptopu mpya nyembamba.

Kuhusu muda: madarasa ya jioni mengi huanza saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku, yatagongana na ghala. Omba zamu ya asubuhi kwanza, uipate kwa maandishi, ndiyo ujiandikishe, na muhula wa kwanza uchukue masomo mawili tu. Miaka 31 si kitu. Darasani kwangu nina babu.

Siku ya kwanza beba futi yako ya kushonea. Kama kambini mlishona kwa inchi, kama mafundi cherehani wengi wa Tanzania, umewatangulia wenzako wote waliotoka kwetu. Upande wa sentimita ugeuzie ndani.